Mbuga ya Kamil na Uso wa Shangazi Moza

Nyinyi mnanijua. Nikiulizwa habari za safari husema "nzuri, alhamdulillahi," kisha nanyamaza, na watu wanadhani nimeficha zawadi. Safari hii mmenikaba. Mmoja kaniuliza sokoni Nizwa mbele za watu, mwingine kwenye simu, wa tatu kaja mpaka nyumbani, kakaa kwenye mkeka na kusema haondoki bila kusikia. Basi naandika mara moja, kila mtu asome, mniache nipumzike.

Nizwa mpaka Sinaw

Kwa asiyemjua baba yangu, mzee Seif: amezaliwa Shinyanga, mama yake Msukuma. Baba yake, yaani babu yangu Khalfan, alikuwa Mwarabu wa Sharqiyah aliyekwenda bara akiwa kijana kununua ngozi na pamba. Alipoondoka Oman, Babu aliacha mke na binti mchanga, jina lake Moza. Aliahidi kurudi. Hakurudi. Alioa Shinyanga, akamzaa Baba, akafa na kuzikwa huko huko. Tuliorudi ni sisi, mimi nikiwa mtoto wa shule, na mpaka leo Waunguja wa hapa wanatuita watu wa bara na kutucheka Kiswahili chetu.

Moza, basi, ni dada yake Baba kwa baba mmoja. Ni shangazi yangu wa damu, na nilikuwa sijapata kumtia machoni. Tulipofika Oman, Baba alifunga safari kwenda kumwamkia. Akapokewa na wanaume wa nyumba ile, akalishwa tende, akaambiwa dada yako mgonjwa, haonani na mtu. Alipokuwa anatoka akamsikia nyuma ya ukuta anawafokea mbuzi kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Baba akarudi Nizwa, na kwa miaka mingi hakulitaja tena jina lake.

Mwaka huu mvua zimenyesha Sharqiyah. Mtu mmoja msikitini akamwambia Baba kwamba uwanda wa Kamil umeota majani, ngamia wamenenepa. Baba amepita themanini, na moyo wake unakwenda kwa vidonge. Aliporudi kutoka sala ya alfajiri akasimama mlangoni mwa jikoni, mimi natia chai.

"Zuwena," akasema, "nipeleke kwa dada yangu."

"Baba, na akikukataa tena?"

"Akinikataa utanirudisha. Gari si unajua kuendesha?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama kicheko kikaniishia. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia haya, Jumatano tunakwenda. Tukapanga tumpitie Shangazi mchana, tusikae sana, kisha tukalale Sur kwa mdogo wangu Asha, ambaye tayari alikwisha kuniahidi samaki wa kupaka. Asha ukimwambia unakuja, huanza kupika kabla hujatoka kwako.

Tukatoka asubuhi na mapema. Milima ikabaki nyuma, na tulipopita Izki ardhi ikaanza kulala. Baba akateremsha kioo.

"Nimekaa Nizwa miaka yote hii kama mtu aliyekaa nyuma ya kabati," akasema. "Kila ukitazama, jabali."

"Wenzako wanatoka Ulaya kuja kuyapiga picha majabali hayo hayo."

"Wapige, na wayachukue kabisa."

Mpaka Sinaw alikuwa na furaha, anaimba kidogo kidogo vijiwimbo vya Kisukuma vya mama yake. Nilimwacha aimbe.

Mudhaibi, maji njiani

Kabla ya Mudhaibi tukakuta magari yamepanga mstari. Wadi linapita, mto wa mvua. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani usiku, na sasa maji ya rangi ya chai ya maziwa yamekata barabara, yanasukuma mawe. Ukisikiliza unayasikia mawe yanagongana chini. Nikazima gari.

Mimi subira sina, mnajua. Nilishuka, nikarudi, nikashuka tena. Kijana mmoja wa Mudhaibi, mfanyakazi wa serikali, kanzu nyeupe pee na kofia yake iliyodariziwa, alikuwa ametandika jamvi pembeni ya barabara na chupa yake ya kahawa na sahani ya tende. Alipotusikia tunazungumza akainuka mbio.

"Shikamoo, babu! Nyinyi Waswahili? Bibi yangu Unguja. Mimi hapa zaliwa."

"Marahaba, mjukuu wangu," Baba akasema, akakaa bila kuambiwa mara mbili.

"Maji hii itakwenda sasa hivi, babu. Usiwe na fikra."

"Maji haya," Baba akamrekebisha.

"Ee. Maji haya hii itakwenda."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Nikampenda kijana yule. Alisema bibi yake amefariki na sasa nyumbani hana wa kusema naye Kiswahili, anakisema peke yake akiendesha gari. Alisema hivyo huku anamwaga kahawa, kama jambo la kawaida, na mimi nikaona uchungu.

Mtu mmoja mwenye gari kubwa la juu akataka kuvuka. Watu wote wakamzuia kwa kelele, na mzee mmoja akaenda kusimama mbele ya gari lake, mikono nyuma, hasemi kitu. Yule bwana akarudi nyuma. Kijana wetu akasema kwa sauti ya chini kwamba wadi hili lilimchukua jirani yao na wanawe, nao walikuwa wanakwenda harusini. Waliokuwa wanapiga picha wakaweka simu.

Baba alikuwa anayatazama maji. "Haya ndiyo yanayoujenga uwanda," akasema. "Yanashusha changarawe kutoka milimani, yanaimwaga, kisha yenyewe yanazama mchangani. Unadhani yamepotea, kumbe yako chini, miti ya mighafu inayanywa. Marehemu baba alikuwa akinieleza mambo haya Shinyanga, mimi mtoto, namwona mwongo. Mto gani unaingia chini ya ardhi?"

Maji yalipopungua jua lilikuwa limeshapanda. Kijana akatufungia tende zilizobaki, akasisitiza tuzichukue.

Ibra, soko la wanawake

Ibra Jumatano kuna soko la wanawake, mwanamume haingii. Nilimwacha Baba garini kivulini, nikaingia kutafuta zawadi. Hebu niambieni nyinyi wenyewe: unampelekea nini shangazi wa miaka tisini asiyetaka kukuona? Kitambaa ataona umekuja kumnunua. Mafuta mazuri ataona umemwambia ananuka.

Mama mmoja muuza ubani, mnene, mwenye Kiswahili cha Unguja mjini cha zamani, akaniona nazunguka tu.

"Mwanangu, watafuta nini na wewe? Wanizungukia kama mwizi."

"Zawadi ya shangazi yangu, mama. Hatujaonana."

"Hamjaonana tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Makubwa!" Akaniangalia juu mpaka chini. "Basi chukua halua na ubani. Halua akiikataa utaila wewe, na ubani akiukataa utafukiza wewe. Hasara hupati."

Nikachukua vyote viwili. Nilipotoka, garini hamna mtu. Moyo ulinipasuka. Nikamtafuta huku namwita kama mwendawazimu, mpaka nikamkuta mtaa wa nyumba za kale, zile za ghorofa zenye matao na milango ya kuchonga, ambazo paa zimeanguka na popo wamehamia. Amesimama kwenye kivuli cha ukuta, fimbo mkononi.

"Baba! Unataka kuniua?"

"Nyumba hizi walizijenga waliokwenda Afrika wakarudi," akasema. "Karafuu, pembe, ngozi. Angalia tao lile. Babu yako angerudi, leo na sisi tungekuwa na nyumba yetu hapa imebomoka."

Nilimfokea mpaka garini. Kisha nikamhurumia, nikamfungulia kipande cha halua ya Shangazi, akala.

Bidiya mpaka Kamil, uwandani

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo safari ilipobadilika.

Ukitoka Ibra kwenda kusini mashariki, milima inabaki mkono wa kushoto na michanga inatokea mkono wa kulia, myekundu, imesimama safu kwa safu. Katikati ya viwili hivyo upo uwanda. Siku zote ni changarawe na vumbi, na migunga na mighafu imesimama mbali mbali kama watu waliogombana. Siku hiyo ulikuwa wa kijani. Majani mafupi, laini, yametapakaa mpaka macho yanakoma, na mbuzi na ngamia wameinama wote, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kututazama.

"Simama," Baba akasema.

Nikaegesha pembeni. Akashuka, akaenda hatua chache, akapiga magoti kwa taabu. Nikadhani amezidiwa, nikamkimbilia. Kumbe amechuma majani, anayanusa.

"Si kama ya kwetu," akasema. "Ya kwetu yana harufu ya udongo mweusi." Akainua macho. "Lakini ukitazama hivi, kwa mbali, Zuwena, hii ni Shinyanga. Wallahi hii ni Shinyanga baada ya mvua za kwanza."

Mimi nimetoka Shinyanga mdogo, lakini mbuga ile naikumbuka: migunga, ng'ombe, mbingu kubwa. Nikakaa chini naye kwenye majani. Magari yakapita yakitupigia honi.

Akanieleza niliyokuwa sijapata kuyasikia. Misafara ya tende ilipita uwandani hapa kwenda Sur, ndiyo Babu aliyofuatana nayo akiwa kijana alipokwenda kupanda jahazi. Watu wa huku walikuwa na sheria zao za malisho: mti mbichi haukatwi, ukikatwa mwenye kukata anaaibishwa, na upande mmoja wa malisho uliachwa usiliwe mpaka siku ya shida, nao wakiuita hima. Babu alipofika kwa Wasukuma akakuta na wao wanafunga kipande cha malisho, wanakiita ngitili, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikali. Akawaambia, hii ni hima, kama kwetu. Wakamcheka. Lakini alikaa. Angeweza kukaa Tabora na Waarabu wenzake, au Mwanza kwenye biashara kubwa. Akakaa pale mbugani.

"Nikimwuliza kwa nini, alikuwa akisema, hapa macho yangu yanapumzika."

Tukarudi garini. Tulipofika karibu na Kamil tukapotea. Nilimwuliza mfanyakazi mmoja wa shamba, Mbangladeshi, nyumba ya Salim, mtoto wa Shangazi. Akanielekeza kwa furaha kubwa. Tukafika, tukapokewa, nikaingizwa kwa wanawake, Baba kwa wanaume, na kabla hatujasema tumetokea wapi likaja sinia la wali na nyama ya mbuzi. Watu wa huko hawamwulizi mgeni shida yake mpaka ale. Tumekula, tumenawa, tumefukizwa ubani, ndipo ikajulikana kwamba huyu ni Salim mwingine, na kwamba Salim mwana wa Moza yuko ng'ambo ya barabara. Nilitamani ardhi inimeze. Wao wakacheka, wakatupa na nyama ya kuchukua. Asha akapiga simu kutoka Sur, samaki anaingia jikoni, tuko wapi? Nikamwambia tumeshiba kwa watu tusiowajua. Akakata simu.

Kwa Salim

Salim wa kweli ni mtu mzima, ndevu zote nyeupe, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyependa maneno mengi. Alimpokea Baba mlangoni, wakagusana pua kama desturi ya huko, lakini nilimwona mwili wake umekaza. Alijua huyu ni nani. Majlisi, yaani ukumbi wa wageni, ilikuwa wazi upande mmoja, imetazama uwandani, na walikuwamo majirani wawili. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa mjomba na umri wangu ni mkubwa, nilikaribishwa nikae pembeni karibu na mlango.

Wakaulizana habari. Kule habari huulizwa mara kumi na hujibiwa mara kumi kwamba hakuna ila kheri, hata kama nyumba imeungua. Kisha kahawa. Salim mwenyewe akamwaga kikombe cha kwanza, akampa Baba kwa mkono wa kulia.

Sasa, Baba yangu hanywi kahawa ya moto. Tangu nimepata akili namwona, anapokea kikombe, anakiweka chini karibu na goti, anazungumza, kikipoa anakunywa. Ndivyo walivyokuwa wanakunywa barazani Shinyanga, na ndivyo tunavyokunywa sisi watu wa bara majumbani mwetu Nizwa, hakuna anayeona ajabu. Basi akapokea, akasema ahsante, akakiweka chini.

Jirani mmoja aliyekuwa anakula tende akaacha kutafuna. Salim amesimama na birika mkononi, rangi imemtoka. Nikamtazama Baba, Baba anautazama uwanda, hana habari. Na mimi sikuelewa, nilijua tu kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kwa watu wa uwanda ule, mgeni akiweka kikombe chini bila kukinywa maana yake ana haja, na hanywi cha mwenyeji mpaka haja yake ikubaliwe. Na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni kiu nyumbani kwake mbele ya majirani. Ni aibu inayobaki mpaka kwa wajukuu. Haya alinieleza Salim mwenyewe baadaye. Wakati ule niliona tu anaweka birika chini polepole.

"Kunywa, mjomba," akasema kwa Kiarabu. "Haja yako nimeikubali."

Baba akageuka. "Haja gani, mwanangu?"

"Hiyo uliyoiwekea kikombe chini."

Baba Kiarabu anakijua, ila cha ulimi mzito. Akakitazama kikombe, akamtazama Salim, akanitazama mimi. Kisha nikaona ameelewa, maana uso ulimwiva kwa haya. Nikasema moyoni, nyamaza Baba. Nyamaza, hii ndiyo nafasi, Mungu kakuletea. Lakini Baba yangu hajui kuiba hata nafasi.

"Sikuwa na maana hiyo," akasema. "Ninaipoza tu, ndiyo tabia yangu. Sitaki kukufunga kwa desturi nisiyoijua. Neno lako lirudishe. Lakini haja ninayo. Nataka dada yangu anipokee. Siku moja tu, kisha nitakwenda zangu."

Jirani wa pili, mzee aliyekuwa hajasema kitu, akasema, "La ilaha illa Llah," akainamisha kichwa.

Salim akakaa chini. "Neno langu limetoka, halirudi," akasema. "Lakini mjomba, na mama yangu ana lake. Ulipokuja zamani, aliapa wallahi kwamba mtoto yeyote aliyezaliwa na baba yake huko Afrika hatauona uso wake. Ameshika kiapo hicho tangu siku ile. Hakuna aliyethubutu kumwambia akivunje."

Akainuka, akaingia ndani.

Tulisubiri. Tulisikia sauti ya mwanamke, kavu, ikipanda, kisha ya Salim, ndogo, kisha ya mwanamke tena. Hatukusikia maneno. Baba alikuwa anasoma kimyakimya, midomo inacheza. Nilimshika mkono, na yeye ambaye hapendi kushikwashikwa akauacha mkono wake ndani ya wangu.

Salim akatoka. "Anasema mwingie. Lakini barakoa haivui."

Chumbani

Barakoa nisemayo si ile ya korona. Ni ile ya wanawake wa uwanda, ya kitambaa kigumu cheusi, inayosimama juu ya pua na kufunika paji na mashavu, ukabaki unaona macho mawili na kidevu. Shangazi Moza alikuwa amekaa juu ya godoro, ameegemea ukuta, mdogo sana, miguu imekunjwa upande. Mbele yake kuna chetezo kimezimika. Nilimbusu mkono na kichwa. Hakunizuia wala hakunijibu. Macho yake yalikuwa kwa Baba.

Baba akasimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Kaa," Shangazi akasema. Baba akakaa chini, mbali.

Naandika kwa Kiswahili, lakini alizungumza Kiarabu cha kibedui, na pale Baba alipokwama nilimsaidia.

"Alikufa kwa nini?"

"Homa. Hakukaa kitandani sana."

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Na rafiki yake mmoja Mmanyema."

"Amezikwa wapi?"

"Mbugani, pembeni ya malisho waliyoyafunga watu wa mama yangu. Hima, kama mnavyoita hapa. Ng'ombe hawafiki."

"Pana mti?"

"Pana mgunga mkubwa. Jioni kivuli kinafika kaburini."

Nje mbuzi walikuwa wanarudi, vikengele vinalia. Kisha Shangazi akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Alinitaja?"

Nikamwomba Mungu Baba aseme uongo. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Baba akainamisha kichwa, na alipokiinua machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

"Jina lako nililisikia siku aliyokufa," akasema. "Kabla ya hapo hakulisema. Lakini kila mwaka mvua zikinyesha na mbuga ikiota, alikuwa akitoka kusimama mlangoni. Siku hizo hali, hasemi na mtu, hata mama yangu hamsogelei. Anatazama majani tu. Akisema, anasema hivi, mbuga hii ni kama ya kwetu."

Macho yale ndani ya barakoa hayakupepesa.

"Kama aliitamani mbuga ya kwao," Shangazi akasema, "ilikuwa hapa hapa. Haikuhama."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Baba akakubali kwa kichwa, mara mbili, tatu.

"Kweli," akasema. "Haikuhama. Alikukosea, dada yangu. Mimi sina neno la kumtetea."

Shangazi alikuwa anashika ncha ya shela yake, anaikunja na kuikunjua. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ile kavu.

"Alipoondoka nilikuwa nanyonya. Watu wote wa hapa walikuwa wanamjua, mrefu, hodari, mcheshi, kila mtu ananihadithia baba yangu. Mimi sura yake siijui. Nimezeeka mpaka hivi, siijui sura ya baba yangu. Wewe ulikaa naye."

"Nilikaa naye."

"Alikuwaje?"

Baba akanigeukia. Nami ndiye niliyesema, sijui ujasiri niliupata wapi.

"Shangazi, watu wote wa Shinyanga waliomjua Babu walikuwa wakisema Baba yangu ndiye yeye. Pua, macho, hata kidevu. Hakuacha kitu."

Alinitazama mara ya kwanza. Kisha akamwambia Baba, "Sogea huku dirishani."

Baba akajivuta kwa magoti mpaka kwenye mwanga. Shangazi akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamvua kofia akaiweka chini. Akapitisha kidole kwenye paji, akashuka na pua, akazunguka jicho. Hakuwa na haraka. Baba amefumba macho, machozi yanapita kwenye vidole vya dada yake, na yeye anayafuta kwa shela na kuendelea kutazama. Mlangoni Salim amesimama, mtu mzima yule mwenye ndevu nyeupe, analia bila sauti.

"Kumbe hivi," Shangazi akasema. "Kumbe ndivyo alivyokuwa."

Akapeleka mikono nyuma ya kichwa chake, akafungua kamba, akavua barakoa, akaiweka mapajani.

"Fumbua macho, Seif," akasema. "Kafara nitatoa."

Sikuweza kukaa mle chumbani. Nilitoka uwandani, nikalia peke yangu mpaka nikachoka.

Njia ya Sur

Jioni ile Salim akachinja, na kafara ya kiapo kilichovunjwa ikawa kulisha masikini kumi, nao walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya jirani, Wabangladeshi na Wapakistani, akiwamo yule aliyetupeleka kwa Salim mwingine. Alinisalimu kwa fahari, kana kwamba kila kitu kimekwenda alivyopanga. Nikamsamehe. Asha nilimpigia simu nikamweleza kwa nini samaki hatumli, na yeye akalia huko Sur mpaka mumewe akachukua simu kuuliza nani amekufa.

Baba na dada yake hawakulala sana. Niliwasikia. Shangazi alikuwa anamwuliza vitu vidogo vidogo: baba yao alikuwa akicheka vipi, alipenda kula nini, alikuwa akikoroma? Baba anajibu. Ukipita muda kidogo, anauliza tena lile lile.

Asubuhi nikatia mizigo garini. Sur haikuwa mbali, na Asha alikuwa anatusubiri. Baba akaenda kuaga. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, uso wazi mbele ya ndugu yake, na katika mwanga ule wa asubuhi niliona uso mmoja umekaa mara mbili. Baba akainama kumbusu kichwa.

"Dada, tunaondoka. Inshallah nitarudi."

Shangazi alimshika kanzu. Kwa ule mkono wa mifupa mitupu alimshika, na nilimwona Baba anayumba.

"Na yeye alisema hivyo hivyo," Shangazi akasema. "Wewe kaa."

Baba akabaki ameinama. Kisha akajishusha taratibu, akakaa chini kwenye changarawe kando ya miguu yake, akanitazama.

"Zuwena," akasema, "kaniletee nguo zangu garini."